LELOUCH HAKULETA AMANI: Jibu kwa vijana wa Tarime na Serengeti wanaousifu mwisho wa Code Geass

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, na hasa nyinyi wanangu wa Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu. Somo la leo ni refu. Tulia usome mpaka mwisho, usisome mistari miwili ukakimbilia kwenye maoni kubishana.

Kuna maneno yanazunguka katika magrupu yenu. Kila yakisikika mapigano ya koo, au ng'ombe wakiibwa na watu wakashika mapanga, anatokea kijana anaandika: "Hapa anahitajika Lelouch mmoja tu, yaishe." Wengine wanacheka, lakini wengine hawacheki, wanaamini. Na mmoja ameniandikia kabisa kwamba mwisho wa Code Geass umemfundisha maana ya kujitoa mhanga kuliko hotuba za Ijumaa.

Basi leo ninawajibu. Nitawajibu kwa hoja, kwa sababu maneno yenu nayo ni hoja, tena hoja hatari katika ardhi kama hii yetu.

Najua wako watu wazima watakaosema sheikh amekosa kazi, katuni za Kijapani zinamhusu nini? Mzee wangu, nakuomba uelewe jambo moja. Zamani ulijua mwanao anaangalia nini, kwa sababu ilibidi aende kwenye kibanda umiza, alipe, akae kwenye benchi asikilize sauti ya Lufufu ikimtafsiria. Leo kibanda kiko mfukoni mwake. Hadithi inamfikia kitandani saa saba za usiku wewe umelala, na inamfundisha haki ni nini, ushujaa ni nini, na kufa kwa ajili ya wenzako ni nini. Ukimwambia "huo ni upuuzi", hujamjibu. Umemfunga mdomo tu, na moyoni amebaki na mwalimu wake. Wala maroboti haya si mageni kwa Waislamu. Watoto wengi wa nchi za Kiarabu wa miaka ya 1980 walikua wakiangalia Grendizer kwa Kiarabu.

Hukumu ya kuangalia katuni ina somo lake, sitaigusa hapa. Leo nazungumzia fundisho la ule mwisho.

HADITHI YENYEWE KWA UFUPI

Kwa asiyeijua: Code Geass ni tamthilia ya katuni ya kampuni ya Sunrise ya Japani, iliyoongozwa na Gorō Taniguchi. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 2006, na sizoni ya pili ikamalizika Septemba 28, 2008. Jumla ni sehemu 50.

Dola kubwa iitwayo Britannia inaivamia Japani kwa maroboti ya vita yanayoendeshwa na askari aliyekaa ndani, yanaitwa Knightmare. Inaishinda, inaifuta jina, inaiita Eneo la 11, na Wajapani wenyewe wanaitwa kwa namba hiyo. Lelouch ni mwana wa mfalme wa Britannia aliyetupwa huko pamoja na dada yake Nunnally, ambaye haoni na hatembei. Anapata nguvu iitwayo Geass: akikutazama machoni akakuamuru jambo, utalitenda, upende usipende. Anavaa kinyago, anajiita Zero, anaongoza uasi dhidi ya dola ya baba yake.

Njiani anaua wengi na anadanganya wengi. Mwishoni anakuwa yeye mwenyewe mfalme, anaitia dunia nzima mkononi, na kwa makusudi anajifanya dhalimu kuliko wote waliomtangulia, ili kila mtu duniani amchukie yeye peke yake. Kisha, kwa makubaliano ya siri, rafiki yake Suzaku anavaa kile kinyago cha Zero na kumchoma upanga mbele ya umati. Watu wanashangilia. Chuki yote ya dunia, kwa mujibu wa hadithi, imekufa pamoja na Lelouch, na amani imekuja.

Huo ndio mwisho unaowaliza.

NINACHOKUBALI

Sitaki kuwa mtu wa kukanusha kila kitu. Hadithi hii ina mambo mawili ya kweli. Inaonyesha dhulma ya kumnyang'anya mtu nchi yake na jina lake, na sisi Waafrika hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Na Lelouch hasemi "wengine wafe, mimi nibaki". Anakubali kwamba aliyeua naye ana deni la damu. Hilo ni bora kuliko wakubwa wengi wanaopeleka watoto wa wenzao vitani huku wao wamekaa kivulini.

Lakini kukubali deni ni jambo moja, na kulilipa ni jambo jingine. Hapo ndipo nagombana na huo mwisho.

HOJA YA KWANZA: CHUKI HAIHAMISHWI IKAISHA

Fundisho la mwisho ule ni kwamba ukizikusanya chuki zote juu ya mtu mmoja, kisha ukamuua, chuki zitakuwa zimezikwa naye. Mwanangu, umezaliwa Mara. Wewe kati ya watu wote ndiye ungetakiwa kuwa wa kwanza kulicheka hilo.

Huku hatuna Knightmare. Tuna panga, upinde na mshale. Umesikia habari za Waanchari na Warenchoka, za Wairegi na Wanyabasi. Unajua wizi wa mifugo ulivyowagombanisha Wakurya wao kwa wao, na Wakurya na jirani zao Wangoreme, Waikoma, Wanata na Wataturu. Hali ilifikia serikali ikaunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Sasa nijibu: ni mara ngapi ameuawa mtu mmoja, watu wakashangilia, wakasema "huyu ndiye aliyekuwa tatizo"? Na ni mara ngapi yaliisha?

Aliyeuawa ana kaka. Ana mtoto aliyekuwa amejificha nyuma ya ghala akiangalia. Mtoto yule anakua, na siku anashika upinde hawezi kukumbuka ng'ombe walikuwa wangapi. Anakumbuka waliokuwa wanashangilia.

Chuki ni mazoea ya moyo. Mtu aliyezoea kupata raha kwa kumchukia fulani, ukimwondolea fulani, atamtafuta mwingine. Umati ule uliomshangilia Zero haukufundishwa kusamehe. Haukufundishwa hata kujua ukweli. Ulipewa mtu wa kumchukia, ukapewa na furaha ya kumwona anakufa.

Na mshangao ni kwamba watengenezaji wenyewe walishindwa kuiacha amani hiyo itulie. Mwaka 2019 walitoa filamu inayomrudisha Lelouch hai, ingawa inafuata mkondo tofauti kidogo na ule wa sizoni mbili. Imepita miaka miwili tu baada ya kifo chake, na tayari Nunnally ametekwa na dola nyingine na vita vimerudi. Kama chuki ya dunia ilizikwa, hawa wametoka wapi?

HOJA YA PILI: UONGO WA SULHU SI UONGO WA FITNA

Hapa vijana wenye elimu kidogo ya dini wananiletea shubuha. Wanasema: "Sheikh, si Mtume (s.a.w.) aliruhusu mtu aseme lisilo sawasawa na ukweli ili kupatanisha watu? Lelouch alidanganya kwa ajili ya sulhu."

Hadithi hiyo ni sahihi, imepokewa na Umm Kulthum bint Uqba, na iko katika Bukhari na Muslim. Lakini tazama inamhusu nani. Inamhusu mtu anayekwenda kwa huyu akamwambia "mwenzako anakutaja kwa wema", kisha akaenda kwa yule akamwambia vivyo hivyo. Maneno yake yanapunguza uadui. Hayamwagi damu ya mtu, hayamnyang'anyi mtu haki yake, hayamchafui asiyekuwepo.

Uongo wa Lelouch ulifanya kinyume chake. Ulitengeneza uadui pale ambapo haukuwepo, ukaulisha, ukaukuza, na njiani watu waliuawa kweli ili uongo uonekane kweli. Mpatanishi anayeua ili apatanishe, sijui ni kitabu gani cha fiqhi kinamtambua. Nia njema haihalalishi njia ya haramu. Mtu haibi ng'ombe akatoa sadaka kwa nyama yake.

HOJA YA TATU: EUPHEMIA ANADAI

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nashangaa mnaipita.

Mnakumbuka Euphemia? Dada yake Lelouch kwa baba. Msichana aliyetaka Wajapani na watu wa Britannia waishi pamoja kwa haki, bila vita. Siku ya kuzindua mpango huo, Lelouch akatamka amri ya kuua Wajapani kwa mzaha, na Geass yake ilikuwa imeshamponyoka. Yule binti, bila hiari yake, akaanza kuua watu aliokuja kuwapatia haki. Kisha Lelouch akampiga risasi, na tukio lile akalitumia kuwasha uasi wake.

Euphemia akafa, na jina lake likabaki kuwa jina la muuaji wa halaiki. Lelouch alijua kwamba hana hatia, Suzaku naye baadaye akajua. Je, katika ule mwisho mnaousifu, kuna siku dunia iliambiwa kwamba yule binti hakuwa na kosa? Hakuna. Mpango mzima unasimama juu ya ukweli uliofichwa. Lelouch alichagua mwenyewe kuchukiwa, na kifo chake kilipambwa. Euphemia hakuchagua, na jina lake liliachwa kwenye matope.

Sasa rudi kwenye Suratun Nisaa, aya ya 105 mpaka ya 112. Wafasiri wanasimulia kwamba katika mji wa Madina, mtu wa ukoo wa Banu Ubayriq aliiba deraa, akaenda kuiweka kwa Myahudi ili aonekane yeye ndiye mwizi. Ukoo wake ukaja kumtetea: ndugu yetu ni Mwislamu, mwizi ni yule. Zikateremka aya kumsafisha yule Myahudi na kuwakemea waliomtetea mwizi. Na maana ya aya ya 112 ni kwamba anayetenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia, amejibebesha dhuluma na dhambi iliyo wazi.

Zingatia, ndugu yangu. Waislamu walikuwa wachanga Madina, wamezungukwa na maadui, na umoja wao ulikuwa jambo kubwa. Mtu mwenye akili ya Lelouch angesema: acheni yule mmoja aadhibiwe, umma ubaki na amani. Mwenyezi Mungu hakukubali. Jina la mtu mmoja asiye na hatia, tena asiye wa dini yetu, lilikuwa na thamani kuliko utulivu wa uongo.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Ng'ombe wanaibwa usiku, watu wanafuata nyayo, nyayo zinapotelea kwenye kijiji fulani. Wangapi pale wanajua mwizi ni nani, wakanyamaza, kijiji kizima kikabeba? Wangapi wamemtaja wa ukoo mwingine huku wanajua nyama imeliwa kwa jirani yao? Huyo aliyesingiziwa ni Euphemia wa kwetu.

HOJA YA NNE: HAKI YA MJA HAIFI NA MHALIFU

Qur'ani imelirudia mahali pengi, mojawapo Suratul An'am aya ya 164, kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Wala Lelouch hawezi kubeba chuki zenu. Kila aliyeua katika vita vile, upande huu na ule, mzigo wake uko palepale. Mwisho ule unawapa watu wote raha ya kujiona wasafi kwa sababu mbaya amepatikana na ameuawa. Hiyo ndiyo ladha yake, na ndiyo sumu yake.

Na yeye Lelouch mwenyewe, je, kifo chake kimemsafisha? Wanavyuoni wametufundisha kwamba toba ya dhambi iliyomhusu mja ina masharti manne: uache kosa, ujute, uazimie kutorudia, na urudishe haki ya mwenyewe au akusamehe. Hilo la nne ndilo linalokimbiwa. Kisasi cha haki katika sheria yetu ni haki ya warithi wa aliyeuawa, kinasimamiwa na mwenye mamlaka ya kuhukumu, nao wanaweza kudai, kuchukua dia, au kusamehe, na kusamehe ndiko bora. Wale waliouliwa ndugu zao na Lelouch waliulizwa lini? Watu wawili walikaa faraghani wakapanga nani afe na kwa mkono wa nani, kisha wakaita hiyo haki.

Mtume (s.a.w.) aliwaeleza masahaba habari ya mtu muflisi wa siku ya Kiyama: anakuja na swala, funga na zaka, lakini huyu alimtukana, yule alimla mali yake, mwingine alimwaga damu yake. Wanagawiwa mema yake mpaka yanakwisha. Kama swala na funga hazizimi deni la mja, kifo cha kupendeza kitalizimaje?

Nalisema hili kwa sababu neno mnalolipenda, "kujitoa mhanga", lina historia mbaya katika nchi zetu. Agosti 7, 1998, Nairobi na Dar es Salaam, wako waliojiona wanabeba dhambi ndogo kwa ajili ya lengo kubwa. Waliokufa walikuwa wapita njia, makarani, walinzi, akina mama waliokuwa kazini, na Waislamu wakiwemo. Anayewinda kijana wa Kiislamu ili amtumie haanzi na bomu. Anaanza na hadithi: wewe ni wa pekee, dunia haitakuelewa, kifo chako kitasafisha kila kitu. Kijana aliyeizoea hadithi hiyo na kuilia machozi, atautambuaje mtego?

AMANI ILIYOLETWA NA MTUME (S.A.W.)

Sasa mtaniuliza, njia ipi basi? Sikilizeni.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa kama sisi, na zaidi. Vita vya Basus, vilivyoanza kwa ngamia mmoja jike, vinasimuliwa kwamba vilidumu miaka 40. Aus na Khazraj wa Madina walikuwa wametoka kuuana huko Bu'ath. Katika Suratu Aal Imran aya ya 103 Mwenyezi Mungu anawakumbusha neema yake, kwamba walikuwa maadui, akaziunganisha nyoyo zao, wakawa ndugu.

Kisha mwaka wa 10 wa Hijra, Arafa, katika Hija ya kuaga, Mtume (s.a.w.) akasimama mbele ya umma na kutangaza kwamba madai yote ya damu ya zama za ujahiliya yamefutwa. Je, alianza na damu ya nani? Hakuanza kwa kuwaambia wengine wasamehe. Alianza na damu iliyokuwa inadaiwa na ukoo wake mwenyewe, ya mtoto wa Rabia bin al-Harith, aliyekuwa ananyonyeshwa kwa Banu Saad akauawa na Hudhayl. Hilo ndilo la kwanza alilolifuta. Iko katika Sahih Muslim, hadithi ya Jabir.

Linganisha. Lelouch alichukua damu za watu wengine na kuzifunika kwa damu yake, gizani, kwa kinyago. Mtume (s.a.w.) alichukua haki aliyokuwa nayo mkononi, akaiachia, hadharani, mchana, kila mtu anasikia. Hakuna aliyedanganywa. Hakuna aliyelazimishwa kwa macho. Na miaka miwili na zaidi kidogo kabla yake, alipoingia Makka akiwa na nguvu ya kulipiza, aliwasamehe watu waliomfukuza. Hata Wahshi, aliyemuua ami yake Hamza kule Uhud, alikuja akasilimu na akaishi.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza: mwizi aitwe kwa jina lake. Usiseme "ukoo fulani wameiba". Ukoo hauibi, anaiba fulani bin fulani. Siku ile katika safari ya Banul Mustaliq mmoja alipoita "enyi Muhajirina!" na mwingine "enyi Ansari!", Mtume (s.a.w.) aliuita huo wito wa ujahiliya, akasema unanuka.

Pili: kama mwizi ni wa kwenu, wewe uwe wa kwanza kusema. Suratun Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Wakurya wana mkutano wao, ritongo, ambapo jambo linasemwa mbele ya watu wote. Unayetaka kuwa shujaa wa Tarime, simama pale, au simama mbele ya polisi na mahakama, useme: "Ng'ombe wako kwetu, na aliyewaleta ni ndugu yangu." Utachukiwa. Utachukiwa na baba zako wadogo na rika lako. Kama kweli unatamani kuchukiwa kwa ajili ya amani, nafasi ndiyo hiyo, na haihitaji kuua mtu wala kuvaa kinyago.

Tatu: mwenye dai la zamani, ambalo hata mashahidi wake wamekufa, aliache kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na alitangaze kuwa ameliacha. Watoto wako wasikie kwa masikio yao, wasije wakarithi upinde.

Nne: unapoangalia hadithi yoyote, jiulize nani ameachwa na deni mwishoni ili mimi nilie vizuri. Ukiuliza hivyo, utamwona Euphemia.

Mtakaojibu, jibuni kwa adabu. Aniletee mtu hoja: haki ya Euphemia imerudishwa wapi katika ule mwisho? Nasubiri.

Ewe Mwenyezi Mungu, ziunganishe nyoyo za watu wa Mara kama ulivyoziunganisha za Aus na Khazraj. Tupe ulimi wa kusema kweli juu ya jamaa zetu, na kifua cha kusamehe wasio jamaa zetu. Walinde vijana wetu na kila anayewapambia kifo. Amin.

Ukiona kuna faida, mpelekee kijana mmoja na mzee mmoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.